Uchovu wa Malogo

Saa moja asubuhi Malogo alipanda kwenye mizani nyuma ya boma la Dodoma, shuka moja kiunoni, na Bwana Pumzi akaandika uzito wake. Ilikuwa siku ya tisa. Bwana Pumzi alikuwa daktari wa Kijerumani aliyekuja mwaka ule reli ilipofika, na jina hilo alipewa kwa sababu ya mfuko wa mpira wenye bomba ambao kila mtu alitakiwa kuupulizia. Alikuwa akichunguza mwili wa binadamu unaweza kubeba kiasi gani kabla haujakataa.

Malogo alikuwa amechukuliwa shambani kwake Mvumi, jembe mkononi, siku ya pili baada ya mvua ya kwanza. Daktari alikuwa mtu wa haki. Alisema atakayechoka atarudi kwao siku hiyohiyo, kwa cheti. Silvano, mtu wa Bagamoyo, alichoka vizuri siku ya pili akaondoka kwa garimoshi. Malogo alipanda Mlima Imagi na mfuko wa mchanga wa ratili sitini, kisha sabini, kisha themanini, na kila aliporudi moyo wake ulipiga mara sitini na mbili kwa dakika, kama wa mtu aliyetoka kunywa uji. Kule Mvumi mkewe, Loisi, alikuwa akipanda uwele peke yake.

“Ndugu yangu, jaribu hata kuhema kidogo,” aliambiwa na Mrisho, mkalimani, ambaye baba yake aliingia nchi hii na misafara ya pembe za ndovu akapenda kukaa.

Siku hiyo Mrisho alimfuata mlimani. Aliona kwamba njia ilipogawanyika palikuwa na rundo la mawe, na kwamba Malogo alipofika pale, akienda na akirudi, aliokota kijiwe, akakitemea mate, akakigusisha kwenye magoti, akakiweka juu ya mengine.

“Unafanya nini?”

“Naacha uchovu.”

“Kila siku?”

“Sasa niubebe pamoja na mzigo?”

Ndivyo wafanyavyo watu wa kwao tangu wanapoanza kutembea safari ndefu, na rundo lile lilikuwepo kabla ya babu zao. Mrisho alimshauri, kwa faida yake, auache uchovu mwilini kwa siku moja tu. Malogo alikubali. Siku ya kumi mkono ulikwenda wenyewe, akaja kukumbuka kijiwe kikiwa tayari juu ya rundo. Siku ya kumi na moja alishika mzigo kwa mikono yote miwili, na kijiwe kikaokotwa na vidole vya mguu. Moyo ulipiga sitini na mbili.

Mrisho akaamua kumweleza daktari. Daktari hakukasirika wala hakucheka, maana hakuwa mtu wa kukataa jambo kabla hajalipima. Alibeba vyombo vyake mpaka njia panda, akapiga goti, akaweka vidole viwili juu ya jiwe la katikati, akatazama saa. Mapigo yalikuwa mia moja sitini na nane. Kipimajoto kilionyesha thelathini na tisa. Aliweka bomba kwenye ufa kati ya mawe mawili na mfuko ukajaa upesi. Mawe ya chini, ya zamani zaidi, yalikuwa yakitoka jasho. Aliandika kurasa mbili bila kuinua kichwa, kisha akamwambia Malogo, kupitia Mrisho, kwamba uchovu umeonekana, ni mkubwa sana, na mwenye kuchoka atapewa haki yake. Malogo alishukuru, akaanza kukunja shuka lake.

Cheti kilitoka kesho yake, kikiwa na muhuri. Mawe yalipewa mapumziko ya miezi mitatu. Yajengewe kibanda cha nyasi, yamwagiwe maji asubuhi na jioni, na ni marufuku mtu yeyote kuyaongezea kitu. Kuhusu watu, utafiti ulikuwa umekwisha: wa nchi hii hawachoki, na mzigo wa serikali uwe ratili tisini. Daktari alimpa Malogo mkono, akapanda garimoshi na daftari zake.

Malogo alipangiwa kupandisha saruji ya mnara uliokuwa ukijengwa kileleni. Loisi alituma salamu kwamba amepanda nusu ya shamba, na nusu nyingine imeshikwa na majani.

Siku ya kwanza ya ratili tisini alifika njia panda, jasho likimwingia machoni, kifua kikipanda na kushuka kwa sauti. Mkono ukainama wenyewe kutafuta kijiwe. Hasani, askari aliyewekwa zamu kwenye kibanda, akausogeza taratibu kwa kitako cha bunduki. Hakuwa mtu mbaya.

“Hema polepole, bwana,” alinong’ona. “Wagonjwa wamelala.”

Malogo aliomba radhi, akafunga mdomo, akaendelea kupanda.