Mji Chini ya Mji

Jumamosi asubuhi Arsène alipanda taksi-basi kutoka Likasi kwenda Kapolowe, nia yake moja tu: kumrudisha nyumbani binti yake Jaël. Alikuwa amemtafutia kazi katika kiwanda cha shaba alikostaafu mwenyewe. Jaël alikuwa amesomea mambo ya kale, na sasa alikuwa akichimba na wenzake kando ya mto. Kwa Arsène, huko kulikuwa kufukua makaburi ya watu.

Jaël alimpokea akiwa na vumbi jekundu hadi magotini.

"Papa! Aksanti ya kukuya. Shuka, uone."

Walishuka kwa ngazi ndani ya shimo lililompita Arsène kimo. Ukutani udongo ulikuwa umelaliana kwa rangi: kahawia, jivu jeusi, wekundu wa kuungua, na kijivu chini kabisa. Katika kila tabaka vilichomoza vigae vya vyungu.

"Bantu ba juu habakujuaka kama chini yabo kulikuwa mugini ingine," Jaël alisema. "Na chini ya ile, tena ingine. Ya mwisho iko na miaka karibu elfu moja."

"Na bote balichagua hapa-hapa?"

"Hapa-hapa. Maji iko, udongo iko muzuri."

Akapiga magoti, akafunua kitambaa kibichi. Palikuwa na kalibu ya udongo ya kumiminia shaba, na kando yake msalaba mdogo wa shaba, wa aina iliyotumika zamani kama fedha, wa kijani kwa uzee. Akauweka kiganjani mwa baba yake.

Arsène alikuwa amemimina shaba tangu ujana, kwa tanuru kubwa na winchi. Alijua joto lile linavyobabua uso. Hawa wa kale walikuwa na makaa na mivukuto ya ngozi tu, lakini mikono minne ya msalaba ililingana sawasawa.

"Balikuwa mafundi," alisema polepole. "Mafundi ba kweli."

Kisha akamweleza habari ya kazi ya kiwandani. Jaël akainamisha kichwa.

"Nitabaambia bantu ba kiwanda batafute mwingine," Arsène akasema, huku akivua koti. "Weye bakia hapa. Nipe brosi."

Alipangusa udongo hadi jua likageuka. Ghafla akapiga kelele, na wachimbaji wote wakakimbilia shimoni: mdomo mzima wa chungu ulikuwa umejitokeza, umepambwa kwa alama za kucha za mfinyanzi, safu kwa safu.

Arsène alikuwa akicheka peke yake, machozi yakimtoka.

"Ni mama gani huyu?" aliuliza. "Ni mama gani alitengeneza kintu kizuri hivi?"