Upana wa Kidole

Fundi wa fremu alikuwa amezitia mbao picha zote alizochora mkewe, ishirini na mbili, na hakuna hata moja aliyoweza kukuambia imechorwa nini. Ungemuuliza vipimo, hapo angekutajia bila kukwama. Mkewe alipomuuliza, "Hii je, umeipenda?" alijibu, "Nzuri," huku macho yake yakiwa kwenye rula. Miaka thelathini jibu lilikuwa hilo hilo.

Sasa mkewe alikuwa na miezi minne kaburini. Picha zake zingebaki kwenye jumba la sanaa, ila mwenye jumba aliiruhusu familia ichukue moja, ile waipendayo kuliko zote, kabla ya kufunga saa kumi na moja. Fundi alikwisha kuzunguka vyumba mara mbili, mikono nyuma, aibu imemjaa.

"Baba, hatukuja kuchagua nyanya," binti yake alimtania. "Taja moja twende."

"Fremu zangu ziko wapi?"

"Wamezitoa. Wanasema zilikuwa nzito, zinakula picha."

Zinakula! Alisogea kwa hasira akague, na hapo ndipo alipoona. Fremu hufunika ukingo wa picha upana wa kidole, ndivyo kazi ilivyo. Na kwenye ukingo huo, chini kulia, mkewe alikuwa amechora kijitu kimeinamia meza ya kazi, penseli sikioni. Alikuwa ni yeye, fundi mwenyewe. Alikuwepo kwenye picha ya mvua, kwenye ya mto, kwenye ya kitanda cha mtoto. Kila mara alimweka pale, na kila mara fundi akamgongelea mbao juu. Na mama wa watu hakusema neno.

Majuto ni mjukuu. Fundi alilia mbele za watu, wala hakujificha uso.

"Chukua ya mvua, baba," binti alisema, akimshika mkono. "Umetoka vizuri."

Fundi alisonga mbele. Alifika kwenye ya mwisho, aliyoichora mkewe wiki chache kabla ya kulazwa: dirisha na kiti. Aliinama, akatafuta ukingoni kona zote nne. Meza ya kazi ilikuwepo. Mtu hakuwepo.

"Nipeni hii."

"Lakini baba, kwenye hii wewe hujachorwa!"

"Kwenye zile alikuwa bado ananingoja, mwanangu. Hapa alishachoka. Hii ndiyo yangu."