Magome ya Kila Jumamosi

Binti yangu alikuwa amepiga magoti chini ya mlimau, anafukua magome kwa mikono yote miwili, nami nimesimama kando kama mshtakiwa. Rundo lilinifika magotini. Kadiri alivyochimba, unyevu ulizidi, na harufu ya kitu kilichooza. Alipolifikia shina, kidole chake kikazama.

"Baba, huu mti umeuzika ungali hai."

Mlimau ule aliupanda marehemu mama yake. Enzi za uhai wake alitandaza magome mara moja tu kwa mwaka, tabaka jembamba la kuzuia magugu na kutunza maji, akaacha nafasi ya kiganja kizima kuzunguka shina. Alinieleza kwa nini, nami nikaitikia bila kuinua macho kutoka kwenye gazeti. Alipofariki nikaapa kuutunza mti wake kama mboni ya jicho.

Nilikuwa nikibeba gunia kila Jumamosi hadi kiwanda cha mbao. Mpasuaji mbao, mtu wa maneno mengi ambaye mashine ilikwisha kumharibu masikio, alinijazia magome bure huku akipaza sauti: "Mzee wangu! Umelala salama? Umekula lakini?" Wiki nzima hakuna mwingine aliyeniuliza hivyo. Nikirudi nayamwaga palepale shinani, kisha naanza kuhesabu siku. Majani yalipogeuka manjano, nikaongeza gunia la pili.

"Mama alikuonyesha," binti yangu alisema, akikwangua gome lililooza kwa kisu cha jikoni. "Sasa magunia yote haya ya nini, Baba?"

Ningeweza kusingizia uzee, na angenisamehe.

"Kule kiwandani wananiuliza kama nimekula."

Kisu kikasimama. Hakunitazama. Mwaka ule alikuwa amenipigia simu mara mbili, na sote wawili tulilijua hilo. Kisha akaendelea kukwangua, taratibu, mahali ambapo hapakuwa tena na gome la kukwangua.

Mti haukupona. Tuliukata mwezi uliofuata, na nililia mbele yake bila haya.

Siku hizi binti yangu hunipigia kila jioni. Anakuwa na haraka, ana watoto na kazi zake, namwelewa. Nikisikia anataka kuaga, humwambia kiuno kinanisumbua. Kiuno changu ni kizima kabisa.