Chini ya Saa Moja

Mama yao alikata roho Bunia jioni ya Alhamisi, na kwa desturi yao angezikwa Ijumaa mapema. Uchelewaji ulitoka Dubai, kwa Kadiri, kifunguamimba, ambaye kila tatizo la ukoo hulimaliza kwa simu huku akinywa kahawa. Alituma kwenye kundi la WhatsApp ramani yenye mstari wa bluu kutoka uwanja wa ndege wa Goma hadi wa Bunia. Kilomita mia tatu na sabini hivi, safari chini ya saa moja. Akaandika: "Kaltumu atafika asubuhi. Mama asiguswe."

Kaltumu, binti pekee, ni fundi cherehani hapa Gisenyi, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Goma. Mama alimuusia zamani: akifa, aoshwe na mikono ya bintiye, na sanda aikate yeye. Ilikuwa sandukuni, imeshakatwa, pamoja na kafuri. Kaltumu hakutaka kitu kingine duniani ila kuutimiza usia huo. Lakini tangu vita viingie Goma uwanja umefungwa, na mngurumo wa ndege uliokuwa ukimsimamisha mkasi mkononi hausikiki tena.

Akampigia kaka yake papo hapo.

"Kadiri, uwanja wameifunga. Njia iko ya Uganda, siku mbili, tatu. Ambia mama mudogo Saidati wasiningoje, wamuoshe tu."

"Mbona mi naiona hapa? Iko na kilomita, iko na saa."

"Hiyo ni ramani, haiko ndege!"

"Bon, sawa. We hauna haraka na Mama. Hata alipougua haukuenda."

Maneno hayo yalimchoma. Hakuenda! Kwani yeye ndiye aliyeufunga uwanja? Akakata simu, akapiga Bunia mpaka betri ikaisha, laini haikupita. Kundini hakuandika; kumpinga kifunguamimba mbele ya ukoo wote ni aibu. Akajipa moyo kwamba Kadiri, pamoja na ujuaji wake wote, atafikisha ujumbe. Hapo alijidanganya, maana Kadiri hajawahi kufikisha neno linalomwonyesha kuwa amekosea.

Bunia ilipatikana Ijumaa alasiri. Saidati, mdogo wa marehemu, alikuwa akilia kwa hasira.

"Kadiri alisema uwanja wamefungua, uko njiani. Tumekungoja, Kaltumu! Na joto hii! Mwili ikaanza kuvimba. Imamu akakataa kungoja tena, majirani wakamuosha mbio mbio. Hata sanda tulinunua dukani."

"Mama mudogo, mi nilimuambia..."

"Ungetuambia sisi!"

Kaltumu alibaki na sanda magotini. Kundini, Kadiri alikuwa ameshaweka dua ndefu ya kumwombea Mama, na ndugu walikuwa wakimsifu kwa kusimamia mazishi kutoka mbali. Kaltumu aliandika: *Mama ameharibika kwa ajili ya ramani yako.* Akaufuta ujumbe. Dua ilikuwa ya Mama, hata kama mwandishi wake alikuwa yule.

"Amina," akaandika.

Kadiri akamwekea dole gumba.