Kumleta Bheki Nyumbani Kutoka Bergen

Watu wa kwetu Msinga walicheka waliposikia kwamba ni mimi nitakayekwenda kumchukua Bheki. Hawakumcheka marehemu, la hasha. Walinicheka mimi. MaBhengu, walisema, yule anayesalimia hata mbuzi njiani, ataweza kunyamaza safari nzima? Shemeji yangu Mbongeleni, kaka wa marehemu mume wangu, ndiye aliyestahili kwenda, maana kazi ile hufanywa na wanaume wa ukoo. Ubalozi ukamnyima viza yeye, wakanipa mimi. Na Bheki ni mwanangu, mtoto wangu wa pekee. Nikawaambia nitakwenda, na mdomo nitaushona kwa sindano ikibidi.

Bheki alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya meli huko Bergen, Norway. Miaka saba hakurudi. Moyo ulimwangusha kazini, akafia hospitalini siku ya tatu, wakamzika hukohuko sisi bado tunaulizana cha kufanya. Mwili kulala ugenini tunavumilia, lakini roho haiachwi. Mtu wa kwao huenda na tawi la ule mti wa miiba tunaouita umlahlankosi, akasimama pale pale marehemu alipokatia roho, akamwita kwa jina na kwa sifa za ukoo, akamwambia twende. Kuanzia hapo aliyeshika tawi haongei na mtu aliye hai mpaka afike nyumbani. Anaongea na marehemu tu, amweleze kila hatua: hapa tunavuka mto, hapa tunapanda gari. Ukimjibu mtu mwingine, marehemu anaona umemwacha, naye anabaki hapohapo.

Jirani zetu wa kwa Zwane walimpoteza baba yao hivyo. Aliyembeba alimjibu askari barabarani, neno moja tu. Walirudi kumtafuta mara mbili, hawakumpata, na boma lile halijaona amani hadi leo. Wao angalau walirudi kwa basi. Mimi Norway ningerudi na nini?

Nilipokewa na Nkosilathi, Mndebele wa Bulawayo anayeishi kule. Mila anaijua, kwao ni hiyohiyo, na yeye ndiye aliyekuwa mdomo wangu. Aliongea na wauguzi wakaturuhusu kuingia wodini. Kwenye kitanda cha Bheki alilala mzee mwingine, kajifunika blanketi hadi puani, macho yamemtoka. Masikini, alidhani nimemfuata yeye. Nikamwita mwanangu kwa jina la ukoo, Jobe, nikamwambia kitanda hiki kina mwenyewe sasa, inuka, mama amekuja. Tawi likawa zito mkononi. Anayetaka kucheka na acheke.

Ndani ya gari nilimweleza kila kitu: mvua, daraja, zile nyumba za mbao. Tena nilimgombeza. Miaka saba, simu za dakika mbili, mama hujambo, mama nina kazi, basi. Hakuwa hivyo mwanzoni. Mwaka wa tatu aliniuliza nitasemaje akileta mke wa huko. Nikamjibu sitaki mkwe nisiyeweza kumgombeza kwa lugha yangu. Nilikuwa natania. Haya, nusu natania. Hakuuliza tena, na mimi sikujua kwamba jibu langu amelichukua akaenda nalo.

Uwanja wa ndege, wasiosafiri hawavuki kamba. Nkosilathi aliniaga hapo akaondoka, kazini walikuwa wakimngoja. Aliniachia karatasi aliyoandika kwa lugha yao, kwamba mama huyu yuko kwenye mila ya msiba, haongei, tafadhali mvumilieni. Nilimpa askari karatasi hiyo pamoja na pasipoti na kibali cha tawi. Akawa anasoma taratibu, huku akinitazama, anasoma tena.

Ndipo nikasikia nyuma yangu mtu anaita, mama yake Bheki, mama yake Bheki.

Alikuwa mwanamke wa Kizungu, nywele zimelowa mvua, anamvuta mtoto wa kike wa kama miaka minne. Wakasimama upande wa pili wa kamba, karibu kiasi cha kugusana. Kiingereza nakielewa, nimepika jikoni kwa watu Durban miaka ishirini. Alisema haraka haraka kwamba aliishi na Bheki, kwamba waliachana mwaka uliopita akahamia mbali, kwamba habari za kifo kaziona kwenye gazeti. Katoka hospitalini sasa hivi, wamemwambia nimeshaondoka. "Huyu ni binti yake," akasema. "Nilitaka umwone."

Nilimtazama mtoto mara moja. Paji la uso lile ni la mume wangu, halikuhitaji cheti.

Mtoto akanyoosha mkono juu ya kamba. "Gogo," akaniita, bibi, kwa matamshi ya kwetu kabisa.

Mtaniambia ningetikisa kichwa, ningemshika ule mkono. Nimejiambia hayo mara elfu. Kutikisa kichwa ni kujibu. Kumshika ni kujibu. Mwanangu alikuwa mkononi mwangu, na kama ningemwachia pale, kwenye foleni ya watu wanaovua viatu, nani angemrudia? Nikaliinamia tawi, machozi yananitoka, nikaongea na yule niliyeruhusiwa kuongea naye.

"Bheki, mwanao huyu? Mwambie mama yake siwezi. Mwambie anisubiri. Waambie wewe, baba, mimi nimefungwa."

Mwanamke hakujua hata neno. Aliona kikongwe kinakiambia kijiti maneno, uso kimeugeuzia pembeni. Akamshusha mtoto mkono.

"Bheki aliniambia hutatutaka," akasema, bila hasira. Wakaondoka. Mtoto aligeuka nyuma mara mbili, mimi nikahesabu. Askari akanirudishia karatasi zangu, akaniambia pole.

Ndani ya ndege nilimwambia Bheki tunapita juu ya bahari, tunapita juu ya jangwa, tumeingia Afrika. Katikati ya hayo nilimtukana kwa kunificha, kisha nikamwomba radhi, kisha nikamtukana tena.

Msinga ukoo mzima ulikuwa langoni. Shemeji Mbongeleni alilipokea tawi, tukapita kwenye zizi la ng'ombe akiita sifa za ukoo, wanawake wanapiga vigelegele, kisha akaliweka ndani ya nyumba kubwa, kule nyuma wanakokaa wazee wetu waliotangulia. Mbuzi alikuwa amefungwa mlangoni. Shemeji akaja kunishika mikono yote miwili.

"MaBhengu, umetuletea mtu wetu. Sasa ongea. Huko ameacha nini?"

"Ameacha mtoto," nikasema. "Wa kike. Nimemwona."

Vigelegele vikakatika. Shemeji, ambaye tangu msiba uingie hakuwa amecheka, alicheka. Akasema mbuzi asichinjwe kwanza. Akarudi ndani, akapiga magoti mbele ya lile tawi, akanigeukia.

"Ngoja nimtaje kwa wazee hapahapa, baba yake anasikia. Anaitwa nani?"

"Sijui," nikasema. "Aliniita Gogo, mimi nikageuza uso."