Vifuniko vya Mikebe ya Udongo

Siku hiyo sikutulia tangu nilipoamka. Kazini nilichemsha chai nikaiacha ipoe, nikafungua daftari nikalifunga, nikatoka mlangoni kuzitazama buti zangu. Tope lilikuwa limezikaukia hadi kwenye vifundo. Lilikuwa tope la bondeni, mahali ambapo ripoti yangu mwenyewe ilisema udongo ni mkavu.

Mimi ni mpima udongo wa msitu wa mlimani, kwa mkataba wa muda, na hamu ya ajira ya kudumu ilikuwa imeninyima usingizi mwaka mzima. Kazi yenyewe haina makuu. Natia udongo gramu mia kwenye kila mkebe, unakaukia kwenye tanuri siku nzima, kisha naupima tena. Kilichopungua ni maji. Penye maji kidogo, mkuu wa msitu huagiza miti ipunguzwe ili inayobaki isigombee. Ripoti ilisema bondeni pakavu, mteremko wa juu una maji. Nilitia sahihi Jumatatu, na asubuhi hiyo kaka yangu, msimamizi wa wakataji, alikuwa aanze kukata bondeni.

Lakini huko bondeni nimekwenda kwa miguu yangu! Kuna miti ambayo watu watatu hawaikumbatii, chini yake ya wastani, chini yake tena miche, aina kumi zimebanana mahali pamoja. Juu mteremkoni ni vijiti, vimesimama mbalimbali, vyote kimo kimoja, aina mbili tu. Kaka aliwahi kuvitoboa akahesabu duara za ndani: vina umri uleule wa majitu ya bondeni, ila vimekulia kwenye kiu. Maji yalipo, msitu wenyewe unakuonyesha. Niliuona, nikaamini karatasi, kwa sababu karatasi ndiyo inayoajiri. Nilijichukia kwa hilo.

Nilirudi ndani. Mama Tanuri, aliyeshika kazi ya tanuri kabla mimi sijazaliwa, alikuwa anaingiza mikebe mipya. Alivua kifuniko akakiweka mezani, akavua kingine akakiweka juu yake.

"Mama, wakati wa kuvirudisha unajuaje kipi ni cha wapi?"

"Naanzia juu ya rundo, nashuka. Kifuniko ni kifuniko, mwanangu, vyote vinaingia."

Cha mwisho kuvuliwa, cha mteremkoni, kilikuwa kinarudi kwenye mkebe wa kwanza, wa bondeni. Na namba nilikuwa nimeziandika kwenye vifuniko! Siku ya kwanza kabisa tunafundishwa kuandika ubavuni mwa mkebe. Mimi mvua ilikuwa inanipiga, nikaona shida. Bonde likawa mteremko, mteremko ukawa bonde.

Nilipomweleza, Mama Tanuri alikaa kwenye kiti.

"Sema ni mimi," alisema. "Mwezi ujao nastaafu. Watanifanya nini?"

Nilitaka kusema ndiyo, Mungu ananiona. Nilimpigia kaka, simu ikaita mpaka ikakata. Nikavaa buti na tope lake, nikatoka mbio.

Msumeno niliusikia kabla sijafika. Nilipunga mikono kama kichaa hadi kaka akauzima. Jitu moja lilikuwa limeshalala, limeangukia miche yote iliyokuwa chini yake. Kisiki kilikuwa kinatoa maji.

"Acha, kaka. Nimekosea. Pakavu ni kule juu."

Alitazama kisiki, akanitazama.

"Tope nililiona, mdogo wangu. Nilitaka kuwasimamisha watu. Halafu nikaona sahihi yako, nikawaambia kateni, huyu hakosei."

Redio ya kiunoni mwake ikakoroma. Alikuwa mkuu wa msitu, anauliza kwa nini misumeno imenyamaza, na kosa ni la nani. Kaka alininyooshea redio.

Nilimkumbuka Mama Tanuri na mwezi wake mmoja. Maji yalikuwa yanaingia ndani ya buti zangu.

"Ni langu," nikasema. "Mama Tanuri hahusiki."