Kalia Mikono, Bibi

Mfuniko ule wa sufuria ninao mpaka leo. Umebonyea, hauzibi chochote, lakini atakayethubutu kuutupa, nitamtupa naye.

Wakati ule mjukuu wangu Kibonge alikuwa na mwaka na nusu, hatambai, na ukimketisha anaanguka. Majirani wakawa na lao: "Wengine huchelewa tu, subirini." Kusubiri nini? Binti yangu akambeba hadi kliniki, wakatupatia Mama Mazoezi, mtaalamu wa watoto wanaochelewa kukua. Kila Jumanne asubuhi alivua viatu mlangoni, akakaa chini sebuleni kwetu. Hakuja na mwanasesere hata mmoja. "Natumia vya humu humu ndani," alisema. "Nikiondoka mimi, vyenyewe vinabaki."

Kibonge alipenda mlio wa mfuniko. Basi Mama Mazoezi akauweka hatua moja mbele yake. "Tusimsaidie. Aufuate mwenyewe." Binti yangu alikuwa anashinda kazini, hivyo zoezi likabaki kwangu, mara tano kwa siku.

Nami, jamani, sikuweza! Mtoto akinyoosha mkono akaanza kulia, roho inaniuma, nausogeza. Mara tano kwa siku, nausogeza. Jioni binti yangu akiuliza, "Mama, mmefanya?" namjibu, "Tumefanya, tena vizuri."

Miezi miwili ikapita, mtoto yuko palepale. Jumanne moja, binti yangu akiwa ameomba ruhusa kazini, Mama Mazoezi akafunga daftari lake, akamwambia binti yangu kwa upole kwamba nguvu mtoto anazo, ila yeye mtaalamu haelewi kwa nini hatambai, na tujiandae, huenda asitembee. Binti yangu akainamisha kichwa, machozi yakamdondoka mapajani. Niliona aibu, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

"Ni mimi," nikasema. "Mfuniko huwa namsogezea."

Nilijua nitagombezwa. Mama Mazoezi akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe mwenye kuhitaji mazoezi ni wewe! Haya, kalia mikono, Bibi."

Nikaikalia, mtu mzima na mvi zangu. Kibonge akalia, akaniangalia, akanuna. Nami nikalia. Kisha akaegemea kiwiko, goti likafuata, tumbo likiburuta sakafuni, na paa! kofi juu ya mfuniko. Kwa kelele tulizopiga, jirani alikuja mbio kuuliza nani kafariki.

Ah, Jumanne zile! Laiti ningerudishiwa moja tu, na sakafu ile ya baridi, na yule mama na kicheko chake.

Juzi Kibonge aliondoka kwenda chuo. Mguu wa kushoto bado anauburuta kidogo. Sanduku alikataa kushikiwa, akashuka nalo ngazi mojamoja, mimi nimeketi mlangoni namtazama. Ngazi ya tatu likamponyoka, nikaanza kuinuka. Akageuka.

"Bibi! Mikono umeikalia?"

"Mmoja," nikamjibu. Wa pili nilikuwa nafutia machozi.